Kikapu cha Ghorofa ya Tatu

Dada Halima,

Assalamu alaykum, wewe na Hooyo aliyetuzaa. Nimechagua kadi isiyo na bahasha ili wanaoisoma kabla yako wasipate shida ya kuichana.

Mtaa wetu hapa Kairo ni mwembamba, kila mahali unakwenda kwa miguu, na asubuhi vumbi huelea juani kama moshi wa ubani Hooyo anapofukiza nguo. Wanawake hawashuki ngazi kununua kitu. Huteremsha vikapu kwa kamba kutoka madirishani, navyo hupita polepole juu ya vichwa vyetu.

Juzi bibi mmoja wa ghorofa ya tatu aliniita kwa ukali, "Wewe kijana, simama hapo." Nikasimama, mikono juu, kama tunavyosimama mbele ya askari huko Garissa. Kikapu kitupu kikashuka mpaka kifuani pangu. Nikatia kipande changu cha utambulisho ndani. Akakivuta, akaitazama ile alama ya kidole gumba kwa muda mrefu, kisha akainama dirishani.

"Mwanangu," akasema, taratibu sasa, "mimi nilitaka uniitie muuza mkate."

Kipande kilirudi pamoja na mapera mawili, bado yana majani.

Leo nimekiacha chumbani, nikatembea mpaka Nile mifuko mitupu. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Lakini kaka Yusuf mwambie asitoke bila kipande chake, hata akienda tu kunywesha mbuzi hapo Tana. Mungu ampeleke na amrudishe.

Ndugu yako,
Abdi