Simu ya mama mkwe inakatika, anadhani namfukuza

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla mama mkwe hajafunga mizigo. Tunaishi naye hapa mtaa wa Jericho tangu nijifungue Ayuma, na tuna simu ya nyumbani, ile isiyo na waya, unaiinua kwenye kikalio chake unatembea nayo, na namba ni ya marehemu baba mkwe, watu wote wa Bungoma wanaijua, na dada yake mama mkwe, Khalayi, humpigia kila Jumapili wakitoka kanisani. Siku hizi wakianza tu kusalimiana inalia tiit tiit, halafu kimya. Fundi alikuja akachomeka simu yake ya waya ukutani, akasema laini ni nzima. Mume wangu Opicho anataka tumpe mama ya mkononi lakini amekataa, ati vitufe ni vidogo na hiyo namba nani anaijua. Na mimi hiyo simu naitunza, nimeifumia hata kitambaa cheupe cha kutandika pale inapokaa, kama vya TV na viti, ili mama ajue namthamini. Juzi Khalayi alikuwa anamweleza vile atapasuliwa macho, ikakatika. Mama akaniambia, "Mama Ayuma, kama umenichoka sema, usinikatie watu wangu." Nilienda kulia jikoni. Sitaki aende.

Mama Ayuma, Jericho

JIBU: Pole sana, mama. Moyo wako ni mzuri, ila kitambaa chako ndicho kinachokuponza. Chini ya simu kuna vichuma viwili, na kwenye kikalio viwili. Visipogusana, chaji haiingii. Wewe umetandika uzi katikati, simu inalala njaa, halafu unaitaka ifike Bungoma. Sisi na vitambaa vyetu.

Kitoe leo. Pangusa vichuma kwa pamba kavu, rudisha simu, hakikisha taa ya chaji imewaka, uiache mpaka kesho. Ikikatika tena, betri zimechoka. Nunua za kuchajiwa, si zile za redio.

Hapo sasa nakugombeza. Ulilia jikoni, mama akabaki sebuleni akiamini anafukuzwa. Usimtume Opicho. Nenda mwenyewe umwambie ni wewe uliyekitandika kitambaa na hukujua. Kisha msingoje Jumapili. Mpigie Khalayi, msalimie, muulize habari za macho, mpe mama simu. Halafu mbebe Ayuma mtoke nje, muwaache waongee mpaka wachoke wenyewe.