Shaaban Hii Sina Siku za Kulipa

Charambe, Mbagala,
Temeke,
Dar es Salaam.

12 Februari 2025

Mpendwa wifi yangu Hamida,

Assalaam aleikum warahmatullah. Unaendeleaje huko Mikindani? Goti lile je, linakuruhusu kurukuu au bado unaswali kwenye kiti? Na mama anaendeleaje na maradhi yake? Mpe shikamoo yangu sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, mie nitakungoja.

Sie huku wazima, Alhamdulillah. Twaha mgongo unamsumbua lakini kazini anakwenda. Joto la mwaka huu ndilo halisemeki.

Najua utashangaa kupata barua miaka hii ya simu. Wifi, simu yangu imekuwa mali ya ukoo. Ukinitumia sauti inasikilizwa sebuleni na mume, mtoto na mgeni aliyekuja kuomba maji. Mie nilitaka tukae wawili. Ndiyo nikamwomba jirani yetu Cyprian, anayekuja kwao Mtwara, akufikishie mkononi. Mwandiko wangu unaujua, wa darasa la saba, nivumilie.

Shaaban imeingia, na mwaka huu sina hata siku moja ya kulipa. Ramadhani iliyopita nilifunga zote, thelathini kamili, kama mwanamume. Tangu nivunje ungo haijawahi kunitokea. Na mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe, kwa sababu siku zangu za kulipa za miaka ile yote nilizilipa na wewe.

Unakumbuka nyumba ya Kipawa? Tulivyokuwa tukijikumbusha Shaaban imebaki wiki mbili, mbio mbio kama watoto waliosahau hesabu za mwalimu. Watu wote wanakula mchana, sie wawili tumefunga, tunapika chakula cha wenzetu bila kuonja chumvi. Ndege zikipita juu tunanyamaza, zikiisha tunaendelea na neno lile lile. Magharibi tunafuturu chumbani kwako, muhogo wa nazi na chai ya mchaichai, na mlango tumefunga.

Na vile vifundo vyako! Ulikuwa unafunga fundo kwenye pindo la mtandio kila siku unayokula, ili usisahau hesabu. Mie na wema wangu nikaufua, nikaona pindo limejikunja, nikakaa nikavifungua vyote kimoja kimoja, nikaupiga na pasi. Ulipouona ulishika kichwa. "Mwanabaraka! Umenifulia dini yangu!" Tukaenda kwa mke wa maalim, akasema funga mpaka moyo uridhike. Moyo wako ukaridhika siku ya kumi na moja, na mie nikafunga zote na wewe kwa sababu kosa lilikuwa langu. Siku ya tisa ukanambia, "Wifi, nadhani zilikuwa nne." Nilicheka mpaka nikaogopa funga imeharibika.

Basi, hayo yamepita. Mwaka jana kabla ya Ramadhani siku zangu zilikatika miezi mitatu. Mara natapika, mara nataka udongo wa kutafuna, usiku mwili unawaka. Nikamwambia Twaha, akafurahi mtu mzima yule, kesho yake baraza zima la msikitini linampa hongera. Miaka arobaini na tisa, wifi! Tukaenda zahanati, nesi akaniangalia, akasema, "Mama, kinachokuja hapo si mtoto. Kinachokuja ni kupumzika." Akanambia nivae nguo nyepesi na nilale penye upepo. Natoka nje, namkuta Twaha kwenye benchi kakaa wima kama bwana harusi.

"Wa kike au wa kiume?"

"Feni," nikamwambia. "Baba Farida, tununue feni."

Tulicheka njia nzima. Nilipofika nyumbani nililia. Si kwamba nilitaka mtoto. Nilikuwa kama mtu aliyepita mbele ya duka lake la kila siku akalikuta limefungwa, na wala hakuwa na cha kununua.

Twaha kanivumilia, namshukuru Mungu. Nakuwa mkali bila sababu, mara nalia kwa sababu ya sufuria. Yeye anachukua redio yake anakwenda nje, nikipoa anarudi. Lakini mwanamume utamweleza nini? Farida ananisomea kwenye simu yake, anasema ni homoni. Neno zuri, ila halikai na mtu jikoni.

Sasa habari yenyewe. Farida kaposwa, mahari imeshapokelewa. Mchumba ni Talha, fundi umeme, kwao Kimara, kijana mwenye adabu na swala tano. Ndoa in shaa Allah ni wiki ya tatu baada ya Idi.

Tulikaa kikao cha ukoo. Tulipofika kwenye habari ya somo wa kumfunda bibi harusi, wakatajwa watu wawili watatu. Farida alikuwa analeta chai, akaweka sinia chini. "Somo ninaye. Mkazamjomba Hamida." Kaka yangu Marijani akakohoa. "Mtu niliyemwacha aje kukaa mbele kwenye shughuli yetu? Watu watasema nini?" Mtoto akajibu kwa heshima lakini hakurudi nyuma. "Mjomba, nilipovunja ungo alikaa na mie ndani siku saba. Leo niwaambie watu somo wangu kapotea?"

Nilijua wote wanamtazama Zuena, mkewe wa sasa. Nami nilikuwa na hofu na mdomo wake. Akapuliza chai yake, akasema, "Jamani, somo habadilishwi. Mie wangu kaachwa mara tatu, na ndiye huyo huyo aliyenifunda hadi nikaolewa na huyu kaka yenu." Mabibi wakaangua kicheko, Marijani naye akashindwa kujizuia. Mambo yakaisha hapo. Zuena si mtu mbaya, wifi. Nakwambia hivyo ingawa najua kwako ni tonge chungu.

Kwa hiyo ukoo hauna neno. Aliyebaki na neno ni mie.

Miaka sita iliyopita, siku unaondoka, ulikuja hapa Charambe kuniaga. Baadaye ukanipigia ukasema hukunikuta, nami nikakujibu nilikuwa sokoni. Sikuwa sokoni, Hamida. Nilikuwa jikoni. Nilisikia hodi yako ya kwanza, nikaweka mwiko chini. Nilisikia ya pili, nikazima redio. Ya tatu uliita na jina langu. Ukapiga tatu kama dini ilivyotufunza, ukaondoka. Nilikuona mgongo kupitia tundu la dirisha, una begi moja na ndoo imefungwa kanga.

Sikuwa na ugomvi na wewe. Niliogopa. Marijani alikuwa keshanambia nisiingilie, na yeye ndiye kaka pekee niliyebaki naye. Nikajisemea nikifungua mlango nitalazimika kusema neno, na neno lolote lingekuwa dhidi ya mmoja wenu. Nikachagua kunyamaza. Mwezi wa tatu tangu uondoke nikakaa mkekani kwenye harusi ya Zuena, nikapiga na vigelegele.

Kila Shaaban tangu hapo nimelipa siku zangu peke yangu. Mwaka huu hakuna cha kulipa, kumebaki hilo moja, nalo halilipiki kwa kufunga. Nisamehe, wifi. Ramadhani inakuja, sitaki kuiingia nikiwa na uongo ule kifuani.

Usichanganye mambo mawili. Msamaha naomba mie. Kuja anakuomba Farida. Ukinikasirikia, haki yako, lakini mtoto usimwache kwa kosa langu. Ukija ukataka kukaa kwa mtu mwingine, hapa mtaani kwetu nyumba za watu wema zipo, nitakutafutia. Ila chumba cha uani nimeshakipiga chokaa, na feni iko huko.

Jibu mpe Cyprian, atakuwa huko mpaka Jumapili. Usiponiandikia nitaelewa, na Farida nitamweleza mwenyewe kwa nini, bila kuficha.

Msalimie Salma, binti wa dada yako, mwambie namkumbuka tangu alipokuwa anabebwa. Twaha anakusalimu sana, Farida anakushika miguu, na Zuena kasema nisisahau kukutajia salamu zake. Mungu amponye mama, akupe wepesi kwenye goti na kwenye moyo, atufikishe sote mwezi mtukufu tukiwa hai.

Talaka aliiandika Marijani, Hamida. Mie sijaandika yoyote.

Ni mie ninayekupenda, wifi yako,

Mwanabaraka