Bi Sindano Hayumo Kitabuni

Chumba cha cherehani,
Nyuma ya duka la saa.
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa shemeji, Mdogo wetu,

Pokea salamu zangu kabla ya lolote. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mkeo na watoto, na kifua chako kiwe kimeacha kukusumbua kwa baridi ya huko. Ile sweta usiiache. Najua ni nzito na shingo imebana, lakini joto halina mitindo. Mimi sijambo. Miguu inavimba kidogo nikikanyaga cherehani kutwa, ila kazi ipo, na mwenye kazi hana nafasi ya kuugua.

Tangu tumzike kaka yako ni miezi saba. Mengine nimezoea, mengine bado. Bado namimina chai vikombe viwili. Saa za wateja nimezirudisha zote isipokuwa moja ya ukutani ambayo mwenyewe hajaifuata. Hiyo naitia ufunguo kila Jumatatu, kwa kuwa marehemu alikuwa akisema saa ikilala sana husahau kazi.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Yamepita majuma mawili sasa.

Unavikumbuka vile vitabu vitatu ulivyomtumia marehemu, vya yule mwandishi mashuhuri wa hadithi za nyota na uchawi, ambamo mji mzima umepakiwa ndani ya chombo na kusafiri angani miaka mia mbili. Kila Jumamosi mchana kaka yako alikuwa akifunga kazi na kuwakaribisha dukani wasomaji wenzake: kinyozi wa jirani, muuguzi mstaafu, na yule mziba pancha tunayemwita Upepo. Nasema wasomaji kwa heshima tu, maana msomaji alikuwa mmoja. Vitabu ni vya lugha ya kigeni, na yeye peke yake ndiye aliyeimudu. Alikuwa akipitisha macho kwenye ukurasa, ananyamaza kidogo, kisha anawaambia kwa lugha yetu. Hapo ndipo wanapoanza kubishana mpaka chai inapoa. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta. Nilisikia vipande tu, kila nilipoondoa mguu kwenye cherehani.

Katika chombo kile walimpenda mtu mmoja kuliko wote, mwanamke waliyemwita Bi Sindano, mshonaji anayetia viraka mavazi ya kutokea nje ya chombo. Ulimi mkali, moyo laini. Kinyozi alisema mwandishi angeandika habari za Bi Sindano peke yake, angestahili tuzo zote alizopewa.

Kama miaka mitatu iliyopita niliwapelekea chai nikakuta ubishi umewaka. Chombo kimeelemewa, imetolewa amri kila mtu atupe kisicho na faida, na Bi Sindano ameficha nguo ya mtoto wake aliyefariki. Kinyozi anasema atupe, mji wote usiangamie kwa ajili ya kitambaa. Muuguzi anasema asitupe. Wakanigeukia mimi kama fundi. Nikajibu kwamba nguo ya mtoto haina uzito, nikaweka sinia nikatoka. Nakumbuka kaka yako aliinama akawa anatafuta ukurasa ambao ulikuwa wazi mbele yake.

Kuna jambo hukuwahi kuambiwa, shemeji. Ulikuwa shuleni bado, ukaelezwa tu kwamba nilikuwa naumwa. Tulipata mtoto kabla ya hawa unaowajua. Aliishi siku kumi na moja. Nilikuwa nimeanza kumshonea shati, nikawa nimemaliza mkono mmoja. Wa pili sikuushona. Shati nikalitia chini ya vifungo kwenye kopo la biskuti, na aliyejua ni kaka yako tu.

Kwa hiyo niliposikia kwamba hata huko kwenye nyota yupo mwanamke mwenye nguo kama yangu, nilifarijika kiasi ambacho siwezi kukieleza. Nilijiambia, mtu mkubwa kama yule, hanijui wala simjui, ameliona hili akaliandika. Basi siko peke yangu. Miaka yote hiyo nilikuwa naye. Nikizidiwa na kazi namwambia kimoyomoyo, mwenzangu, leo tutakesha.

Jumamosi ya mwisho ya uhai wake, kaka yako aliwaachia mahali pabaya. Bi Sindano ametoka nje ya chombo kuziba mpasuko, mlango umejifunga nyuma yake, na kinachomshika ni uzi wake mwenyewe. Kaka yako akafunga kitabu, akasema tutaona wiki ijayo. Jumatano tukamkuta ameegemea meza ya kazi, lenzi bado jichoni.

Basi mwezi wa nne muuguzi akaja na habari kwamba vile vitabu vimetafsiriwa. Amevipata vyote. Wakaomba wasomee pale pale dukani kwa kumbukumbu yake. Nikafungua mlango, nikafuta vumbi, nikawaachia funguo. Wakaanza na kitabu cha tatu, alichokuwa amekifikia kaka yako, kwa kuwa walitaka kujua jambo moja tu: ameingia au hakuingia?

Wakasoma Jumamosi tatu mpaka jalada la nyuma. Bi Sindano hayumo. Wakarudi kitabu cha kwanza, hayumo. Kinyozi akasema mtafsiri amemkata, akatukana kizazi chote cha watafsiri. Muuguzi ana binti anayefundisha ile lugha, akampa vile vitabu ulivyotuma wewe, naye binti akavipitia ukurasa kwa ukurasa. Hakuna mshonaji. Hajawahi kuwepo.

Niliingia na sinia siku waliyopata jibu hilo. Kinyozi amesimama, amekasirika kama mtu aliyeibiwa. "Miaka mitano ametudanganya," alisema. "Anatuangalia machoni anatudanganya."

Upepo akamwambia, "Wewe kila siku unawaambia wateja wamependeza. Nani amekushtaki?"

Hakuna aliyecheka sana. Muuguzi akaanza kunieleza taratibu, kama anavyomweleza mgonjwa. Akataja jinsi Bi Sindano anavyokata uzi kwa meno kama mimi, ingawa wote humgombeza. Akataja kopo lake la vifungo. Akataja shati lenye mkono mmoja.

Shemeji, nilikaa kwenye kile kigoda cha kaka yako, ambacho hakuna aliyekikalia tangu aondoke. Masikio yaliziba. Nilikuwa naona midomo ya muuguzi inacheza tu. Kumbe miaka yote walikuwa wakinijadili mimi, nami nawapelekea chai. Kilio changu kimepimwa mezani kati ya vikombe, huyu anasema atupe, yule anasema asitupe. Na lililoniuma zaidi ni hili: yule mwenzangu wa kwenye nyota hakuwepo. Mwenzangu nilikuwa mimi mwenyewe. Nilifiwa mara ya pili siku ile.

Nilirudi chumbani kwangu nikafunga mlango. Nilimkasirikia kaka yako, nisikufiche. Picha yake iko juu ya cherehani, na wiki nzima niliigeuzia ukutani. Nikawa namuuliza, ulishindwa kuniambia mimi ukaenda kumwambia kinyozi? Kisha nikakumbuka kwamba miaka yote ile, kila alipotaka kulizungumza, mimi ndiye niliyekuwa nakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisimsikie. Ukuta wenyewe ni wa mbao. Labda alikuwa akisoma kwa sauti ili upande wa pili usikie.

Jumamosi iliyofuata walikuja kunirudishia funguo. Kinyozi alisema kikao kimekufa na mwenyewe. Nikawaambia wakae. Nikaleta kopo, nikamwaga vifungo mezani, nikalitandika shati juu yake.

Kinyozi alivua kofia. Alilitazama shati muda mrefu, hakuligusa. Alisema, "Mama, nilisema atupe."

Nikamjibu kwamba nilisikia, na kwamba hata hivyo chai nilimpa.

Hapo Upepo akaanza kuzungumza akiangalia viatu vyake. Akasema mkewe ana kofia ya mtoto kwenye sanduku, mwaka wa tisa sasa, na nyumbani lilikuwa jambo lisilotajwa. Alipomsimulia habari za Bi Sindano, mkewe aliitoa ile kofia, akaifua, akaianika nje mbele za watu. Tangu hapo kila Jumamosi akirudi, kabla ya kuvua viatu, anaulizwa: Bi Sindano anaendeleaje? Na miezi saba hii hajui amjibu nini.

Kwa hiyo alikuwepo mwenzangu, shemeji. Anakaa mtaa wa tatu kutoka hapa.

Wakanitazama wote. Muuguzi akauliza kwa sauti ndogo kama najua mwisho wake, na mimi vitabu vile sijasoma hata ukurasa. Lakini mshonaji namjua. Nikawaambia hakuna fundi anayetoka na uzi bila kufunga fundo upande wa pili.

"Ameshaingia," nikasema. "Alichelewa tu, alikuwa anamalizia pindo."

Upepo aliondoka mbio, hakunywa hata chai, akampelekee mkewe habari. Kinyozi alibaki kuokota vifungo, akavirudisha koponi kimoja kimoja. Picha ya kaka yako nimeigeuza inanitazama tena, ingawa bado sijamaliza kumgombeza.

Nisalimie mkeo, na kitinda mimba wako anayeogopa radi, na yule mkubwa anayejifanya haogopi. Muuguzi anakusalimu, na kinyozi anasema nywele zako anazikumbuka, chache zilivyokuwa. Mungu awalinde mnapotoka na mnaporudi.

Najua utawasomea watoto vile vitabu. Ukifika mahali ambapo mwandishi hamtaji mshonaji, mtaje wewe. Nami, huko mliko, mnikumbuke.

Ni mimi shemeji yako, nisiyekusahau,
Mama wa Cherehani