Ukiulizwa Habari za Mama Yako

Nyumbani,
nyuma ya karakana ya seremala.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mwanangu, kifungua mimba wangu,

Hujambo mama? Mumeo hajambo? Kichefuchefu kimekuachia hata ule kidogo? Sisi huku wazima. Baba yako hajambo, ila goti linamsumbua akipanda ngazi. Bibi yako mzima, masikio yamepungua lakini ulimi uko palepale. Mdogo wako Kidoti hajambo, na tumbo lake limeanza kuonekana. Mimi pia mzima, ila roho yangu iko huko kwako.

Mwanangu, juzi nilimsindikiza Kidoti kliniki. Pale kuna mkunga mmoja, watu wanamwita Mama Polepole. Mwanamke yule nimemvulia kofia.

Kupima presha tu kwake ni shughuli nzima. Alimketisha Kidoti kwanza atulie, miguu chini, mgongo umeegemea kiti. Akampima mkono huu, halafu na mkono ule. Mimi nikawa naongea, unanijua. Akaniambia, "Mama, tumpumzishe kidogo. Tukimchekesha, na presha itacheka." Nikafunga mdomo, jambo ambalo baba yako hajaliamini mpaka leo.

Akamtoa damu ya kupeleka maabara. Kisha wakamlaza kwenye ile mashine ya kutazama mtoto, wakasikiliza damu inavyokwenda kwenye mji wa mimba. Mlio wake kama mtu anafagia uwanja harakaharaka. Wakiyaweka pamoja yote hayo mapema, wanaweza kukisia nani yuko kwenye hatari ya kupata presha ya mimba huko mbele, hata kabla hajaumwa kichwa. Nilibaki kushangaa tu. Enzi zetu ulijua umeugua ukishaanguka.

Sasa sikiliza kilichonifanya nikuandikie. Mama Polepole alimuuliza Kidoti kama mama yake aliwahi kupata presha ya mimba. Kidoti akajibu bila kufikiri, "Hapana, huyu ni chuma." Nikasema, "Sista, andika ndiyo."

Ilikuwa mimba yako, mwanangu. Nilivimba uso, kichwa kikagonga, nikadhani ni uchovu. Nikaanguka jikoni na kifafa cha mimba. Nilipozinduka hospitalini wewe ulikuwa umeshatolewa, umeviringishwa kwenye pamba. Yalipita, tukashukuru, hatukuona haja ya kuwasimulia watoto. Kumbe yanaulizwa, maana binti naye anaweza kuyapata.

Kidoti wamemkuta yuko kwenye hatari. Amepewa aspirini ndogo ameze kila usiku, na wanamfuatilia kwa karibu. Nilitaka nikuchomolee vidonge vichache niviweke kwenye bahasha hii. Mama Polepole alicheka mpaka akashika meza. "Mama, dawa si shanga za kugawana. Huyo naye akapimwe kwanza huko aliko."

Basi nenda kliniki wiki hii, mama, mwezi wa tatu wa mimba usikupite. Usiseme mbona najisikia vizuri, hata mimi nilijisikia vizuri. Wakikuuliza habari za mama yako, sema ndiyo. Usinisitiri.

Baba yako anakusalimu sana, na bibi anakutaja kila akiomba. Kidoti anasema wewe na yeye mjitahidi mzae watoto wasiogombana. Mungu akutangulie, akufungue salama, nipakate wajukuu wawili, na mama zao wote wawili niwaone.

Nijibu upesi, hata mstari mmoja. Niandikie tu kwamba umeshapimwa.

Ni mimi niliyekuzaa na ninayekupenda,
Mama yako