Nafasi Kitandani kwa Bibi

4 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, mafua tu ya vumbi la chaki. Mgongo wa Bibi je?

Shangazi ameniandikia kwamba Bibi hajashiriki Meza ya Bwana tangu aanguke, na kwamba umekataa kumpelekea mkate na kikombe kitandani. Baba, wewe ni mchungaji, naye ni mama yako. Kutoka kanisani hadi chumbani kwake ni kuvuka ua tu. Kwani sisi waumini si mwili mmoja, wa karibu na wa mbali?

Mwanao

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo bado, ulimi mzima: jana kaniita "askari wa mkate".

Ulifundishwa kabla ya kubatizwa. Sisi Wabaptisti twaamini Meza imekabidhiwa kanisa la mahali, waumini waliokusanyika pamoja. Si dawa ya kumpelekea mgonjwa. Huo mwili mmoja unaousema, kanisa la ulimwengu mzima, litakusanyika mbinguni. Hapa duniani halijawahi kufanya kikao wala kumzika mtu. Usidhani hainiumi. Shika masomo.

Baba yako

18 Mei

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliikunja kwa hasira, kisha nikaikunjua.

Kama kanisa ni watu waliokusanyika, si mabati na mabenchi, nini kinawazuia kukusanyika chumbani kwa Bibi? Pigeni kura. Au kura nayo inangoja mbinguni?

Nisamehe ukali. Nimechoka kuombea jambo ambalo liko ng'ambo ya ua.

Mwanao

29 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Kimya changu kilikuwa cha vikao vya kanisa juu ya hoja yako. Shemasi alisema tukihamia kwa mgonjwa mmoja, tutahamia kwa wote. Mama mshonaji akamjibu, "Basi tuhame, miguu si tunayo?" Hoja ikapita kwa taabu.

Jumapili tulijaa chumbani, wengine ukumbini, wengine dirishani. Bibi akasema, "Mmechelewa. Na msinikalie shuka na vumbi lenu." Kabla ya kupokea mkate, akaniuliza mbele ya wote: "Na mjukuu wangu aliyewaleta hapa kwa barua? Kwa kuwa yuko mbali, si wetu?"

Nilisema, "Mama, hajakusanyika nasi." Hata masikioni mwangu halikuwa jibu.

Bibi alijivuta na mgongo wake uleule, akasogea ukutani, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Watu walisimama wamebanana mpaka mwisho, na hakuna aliyeikalia.

Baba yako