Upande wa Miti

Papa Murhula,

Laini iliyokatwa ni laini ambayo umeme hauwezi kuingia kutoka upande wowote. Uzito wote uko kwenye "wowote". Miaka uliyonifundisha kazi ya nguzo hapa Bukavu, upande ulikuwa mmoja: kituo cha mjini. Kisha kiwanda cha chai cha Miti kikaweka mashine yake ya kuzalisha umeme mtoni, tukaiunganisha na laini yetu, tukashangilia. Kanuni ya kukata laini hatukuibadilisha.

Ripoti imetoka. Inasema mashine ya Miti ilikuwa imesimama tangu asubuhi, na kwamba citoyen Murhula alikufa kwa uzembe: alipanda bila mnyororo wa pili wa kupeleka umeme ardhini. Haisemi kwamba mnyororo huo ulikatika na tuliuomba mwingine mara tatu. Maman, mke wako, alitaka nimsomee tena neno "uzembe". Hakulia. Alisema, "Murhula haiko mutu ya vile."

Nilikwenda Miti. Maman mmoja anayechambua majani aliniambia, "Siku ile feni zilizunguka, tulikausha mupaka jioni." Mkuu wa kiwanda anadai feni ziliendeshwa na injini ya mazout, ya dizeli, si na mashine ya mtoni. Niliomba kuiona, ufunguo wa chumba haukupatikana. Daftari la mashine nilipewa haraka mno: mwezi mzima, zamu tatu, mwandiko mmoja, wino mmoja.

Sasa wameniletea karatasi ya kuirudisha mashine hiyo kwenye laini. Inahitaji sahihi yangu. Mji unahitaji umeme huo, sikatai. Ila sitatia sahihi mpaka kule Miti kuwe na kufuli la kuifunga mashine, na ufunguo wake uwe mfukoni mwa mtu aliye juu ya nguzo. Wala kabla neno "uzembe" halijafutwa. Hiyo ni ahadi, papa.

Tukizungumzia umeme ulizoea kunitania: "Mutoto ya masomo, courant haijue kusoma." Siku ile uliniuliza ukiwa chini ya nguzo, "Na upande wa Miti?" Nilikuwa kwenye phonie, redio yetu ya kazi, nikiongea na kiwanda. Nikajibu, "Wamesema imesimama." Ukacheka: "Wamesema!" Ukapanda.

Mkanda wako nimempa Maman. Glavu ninazo mimi. Pumzika, mwalimu wangu.

Yule wa kwenye phonie namshuku, na sitaacha kumtafuta. Lakini sauti yake niliisikia mimi peke yangu, na sasa nikiikumbuka sina hakika: alisema "imesimama", au alisema "itasimama", nami nikachukua jibu nililotaka kukupa?