Yai la Zimbe Lisiloanguliwa

Mpendwa baba,

Nimekukasirikia tangu tulipokuzika, na leo naona bora nikuambie.

Unakumbuka mimba yangu ya pili ilipoharibika? Ulipanda bodaboda kutoka Masukulu mpaka kwangu Kisondela, ukafika umelowa chapachapa, daftari umelificha ndani ya koti. Hukunipa pole. Ulikaa jikoni, mwalimu mstaafu wa sayansi, ukasema, "Atupele, tutunge mdudu. Wa sayari nyingine. Tumpe miguu minane."

Tukamwita zimbe. Ukawa unakuja kila Jumamosi. Nilitaka jike atage mayai mia, ukakataa: "Moja tu. Yakiwa mia watayachezea." Tukawapa zimbe jinsia tatu: mtagaji, mrutubishaji, anayelinyunyizia yai unga wa mbawa zake, na mbebaji, anayelibandika mgongoni mpaka buu atoboe ganda. Tulibishana kuhusu huyo mbebaji mpaka mume wangu Ambwene akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tutoke hospitali.

Ndipo nikauliza, "Na yai lisipoanguliwa, mtagaji anafanyaje?"

Ulifunika kalamu. "Hiyo tutaiandika wiki ijayo."

Wiki iliyofuata ukasema hivyo hivyo. Mimba ya tatu ikaharibika, ukaja, ukaandika kurasa nne za jinsi buu anavyojivua ngozi! Baba, nilikuwa nakuuliza habari zangu, na ulijua. Umefundisha uzazi wa viumbe maisha yako yote, mimi ukashindwa kuniambia neno moja. Kisha presha ikakuchukua, ukaniachia daftari lenye kila kitu isipokuwa hicho.

Juzi, tukimenya ndizi, mama kanisimulia kwamba kabla yangu mlizika watoto wawili. "Baba yako hakuwahi kuwataja," akasema. Nikazidi kukasirika. Si ungeniambia? Tungelia wote.

Jana nimeuandika ukurasa ule mwenyewe. Yai lisipoanguliwa, zimbe wote watatu hulizunguka, wakalipatia jina, wakalitaja kwa sauti kabla ya kulifukia. Nilimsomea Ambwene. Akanitajia majina matatu, moja moja, aliyowapa watoto wetu bila kuniambia.

Nilitaka kumkasirikia na yeye. Nikashindwa, nikamwomba ayarudie.

Pumzika, baba. Mimi na wewe bado hatujamalizana.

Binti yako,
Atupele